Israfu Huanzia Kwenye Ramani

Kila mwaka, mvua zinapokatika katika nchi ya Wangoni na udongo wa mabondeni ukawa umeshiba maji pasipo kuwa tope, watu wa Peramiho na wa vijiji jirani vya Maposeni, Litisha na Parangu huianza tena kazi ambayo wazee wao waliifanya na ambayo vijana wao, inshallah, wataifanya: kazi ya kufyatua matofali. Udongo huchimbwa, hukandwa kwa miguu, hujazwa katika kalibu ya mbao na kupigwa sawa. Kisha hufyatuliwa juu ya uwanja uliofagiliwa, hufunikwa kwa nyasi ili jua kali lisiupasue, na ukishakauka hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa moto. Mtu aliyeimaliza kazi hiyo ana haki ya kuona fahari, maana ameitoa nyumba katika ardhi kwa jasho lake mwenyewe, wala hakungoja hisani ya mtu.

Ukimwuliza ana matofali mangapi, atakujibu upesi: elfu sita, elfu nane, elfu kumi. Lakini ukirudi kumwuliza, nyumba ikisha kusimama, ni mangapi katika hayo yaliyoishia kuwa vipande katika kifusi nyuma ya ukuta, ni mabati mangapi yaliyokatwa ncha, na ni nondo ngapi zilizobaki fupifupi zisifae kwa lolote, aghalabu hapatikani wa kukujibu, kwa kuwa hasara ile haikuandikwa popote. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo wanyonge wetu huikusanya kwa taabu zaidi, na kuipoteza kwa ukimya zaidi, kuliko vifaa vya ujenzi wa nyumba.

Desturi ni kumlaumu mwashi. Husemwa kuwa fundi hana uangalifu, kwamba huvunja tofali zima akitaka nusu, kwamba humwaga saruji. Pengine lawama hiyo ina ukweli. Lakini atakayeichunguza hasara hiyo mpaka kwenye shina lake ataona kuwa sehemu kubwa ilikwisha kuamriwa kabla mwashi hajashika mwiko, siku ile ramani ilipochorwa pasipo mtu kuuliza tofali la mahali hapa lina urefu gani, bati linauzwa kwa mita ngapi, na nondo hukatwa vipi isibaki. Israfu huanzia kwenye ramani, na dawa yake nayo lazima ianzie hapo hapo.

Urithi wa Peramiho

Hakuna mahali pengi katika Tanzania panapofaa zaidi kulizungumza jambo hili kuliko Peramiho. Mji huu mdogo, ulio kilomita zipatazo 24 magharibi ya Songea, ulipata kuwa chuo cha ujenzi kabla ya mahali pengi kusini kupata shule. Wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Benedikto waliuanzisha utume wao hapa mwaka 1898, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, aliyekuja kuwa Askofu na kuuawa mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji, alipokuwa safarini kutoka pwani ya Kilwa kwenda bara. Mwaka ule ule majengo ya Peramiho yaliteketezwa kwa moto, na kila kilichojengwa baadaye kilijengwa na watu waliokwisha kujua kwa macho yao maana ya kupoteza nyumba.

Kanisa kubwa la abasia, linaloonekana leo likisimama juu ya miti na mapaa ya mji, lilijengwa tangu mwaka 1943 hadi 1948, katika zama za Askofu-Abate Gallus Steiger. Msomaji na atafakari miaka hiyo. Kazi ilipoanza Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, meli zilikuwa adimu, na katika Tanganyika nzima hapakuwa na kiwanda hata kimoja cha saruji, kwani kile cha Wazo Hill, kilicho cha kwanza nchini, hakikuanza kazi mpaka mwaka 1966. Kutoka bandari yoyote ya Bahari ya Hindi hadi Ungoni ni safari ya mamia ya kilomita. Mjenzi wa wakati ule, atake asitake, alilazimika kuutegemea udongo, mawe na miti ya karibu kadiri alivyoweza, na kukihesabu kila kilichotoka mbali, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa na badala.

Tena watawa wale walikuwa na sababu nyingine iliyo kubwa kuliko uhaba. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo na mali yote ya nyumba kwa heshima ile ile anayovipa vyombo vitakatifu vya altare. Na sura inayofuata inamtaka Abate awe na orodha ya zana, ajue anachokabidhi na anachopokea. Mtu si lazima awe mtawa, wala Mkristo, ili aone uzito wa fundisho hilo. Jembe, mwiko, ubao na tofali ni amana. Ndani yake mna kazi ya binadamu na viumbe vya Mwenyezi Mungu. Na anayekitupa kitu kizima amekidharau alichokifanya mwenzake na alichokiumba Mola wake.

Ndani ya tanuri

Na tulisogelee tanuri la matofali tulitazame kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo gharama ya kweli ya nyumba ya Peramiho ilipofichika. Matofali makavu hupangwa kwa kupishana, yakiachiwa midomo chini ambamo magogo husukumwa. Nje hukandikwa tope ili joto lisitoroke. Kisha moto huwashwa na kulindwa usiku na mchana. Tanuri likipoa na kufunguliwa, mwenyewe hupata matofali ya namna tatu. Ya katikati yameiva, ukiyagonganisha hulia kwa sauti kavu. Ya karibu na midomo yameungua kupita kiasi, yamepinda na mengine yameshikana. Na ya pembeni, yaliyopakana na lile tope la nje, yamebaki mabichi, rangi yake imefifia, na mvua ya kwanza ikiyapata huyarudisha kuwa udongo.

Hasara ya yale ya pembeni ina kanuni yake ya hesabu, nayo ni rahisi kuielewa. Tanuri likiongezwa ukubwa mara mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, matofali yake huwa mara nane, ilhali eneo lake la nje huwa mara nne tu. Hivyo sehemu ya matofali inayokaa pembeni, palipo na hatari ya kubaki bichi, hupungua kwa nusu. Maana yake ni kwamba majirani wanne wenye matanuri madogo manne, kila mmoja akichoma lake kwa kuni zake na kwa wasiwasi wake, hupoteza kuni na matofali mengi kuliko kama wangelijenga tanuri moja kubwa na kugawana kilichoiva. Umoja hapa una faida inayoonekana kwa hesabu, na faida hiyo hupimwa kwa miti ya miombo iliyobaki imesimama.

Wilaya hii ya Songea haiwezi kusema kuwa umoja wa namna hiyo ni mgeni kwake. Katika miaka ya 1960 palikuwapo kijiji cha Litowa, kitovu cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambamo wanakijiji walilima, walijenga na kuendesha shule yao kwa kuamua pamoja, mpaka chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Mshauri wao mmoja, Mwingereza Ralph Ibbott, alikuwa kwa taaluma mkadiriaji majenzi, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kifaa kabla hakijanunuliwa. Chama kilikufa, lakini ushahidi wake haukufa: wakulima wa Ungoni waliweza kukaa pamoja, kupanga kazi na kugawana matunda yake. Wanaoweza kulima shamba kwa umoja hawatashindwa kuchoma tanuri kwa umoja.

Kuhusu kuni, yako mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, gogo bichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kuyakausha maji yaliyomo ndani yake lenyewe, kwa hiyo mwenye haraka ya kuchoma kwa kuni mbichi hukata miti mingi zaidi ili apate joto lile lile. La pili, jirani zetu wa Mbinga ni wakulima wa kahawa, na mahali inapokobolewa kahawa hubaki maganda. Huko Uganda maganda hayo ni nishati, na kiwanda cha saruji cha Hima, wilayani Kasese, kimeyatumia kuendesha tanuri lake. Kinachoweza kuoka saruji hakishindwi kuoka tofali.

Tofali litawale ramani

Sasa tuingie katika kiini cha shauri letu. Wajenzi wa pwani yetu, tangu Kilwa ya karne ya 14, alipojenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman jumba la Husuni Kubwa, mpaka Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, walijenga vyumba virefu lakini vyembamba, ambavyo upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Watu wengi huvidhani kuwa ni ladha tu ya zamani. Sababu yake kubwa ilikuwa boriti ya mkoko. Boriti hiyo ina urefu wake ambao hauvukiki bila hatari, na mjenzi wa pwani, badala ya kukitaka chumba apendacho kisha akakitafutia dari, alianza kwa kuitazama boriti, akaiacha impangie chumba. Hakupoteza boriti, na chumba chake kilidumu karne kwa karne. Hiyo ndiyo iktisadi ya kweli, nayo ilikuwa mali yetu kabla ya kuandikwa katika vitabu vya vyuo vikuu.

Kanuni ile ile ikihamishiwa katika tofali la Peramiho hufanya kazi kwa uzuri ule ule, maadamu kalibu iwe imepimwa. Taksiri kubwa ya matofali yetu ni kuwa kila mfyatuaji ana kalibu yake, na mwenye nyumba aliyenunua kutoka kwa wafyatuaji watatu hupata matofali ya vimo vitatu, ambayo mwashi hawezi kuyapanga ila kwa kujaza udongo mnene katika viungo na kuvunjavunja kila afikapo pembeni. Tofali jema ni lile ambalo urefu wake ni sawa na mapana mawili pamoja na kiungo kimoja. Tuseme tofali lililokwisha kuungua lina urefu wa sentimita 23, upana wa 11 na kimo cha 7, na kiungo ni sentimita 1: upana mara mbili ni 22, ongeza kiungo, ni 23. Tofali la namna hiyo laweza kulazwa kwa urefu au kwa upana, likapishana na jingine bila ya kukatwa.

Kutoka hapo ramani hujiandika yenyewe. Kila nusu ya tofali pamoja na kiungo chake ni sentimita 12. Kwa hiyo ukuta ulio kati ya milango miwili uwe na kipimo cha kumi na mbili kilichozidishwa, pungufu ya moja, mathalani sentimita 119. Na nafasi ya mlango au dirisha iwe kumi na mbili iliyozidishwa, na moja juu yake, mathalani sentimita 97 au 121. Kwenda juu, kila kozi, yaani mstari mmoja wa matofali pamoja na kiungo chake, ni sentimita 8, na kozi 26 hufikisha sentimita 208, kimo kinachofaa kwa lenta ya mlango. Mchora ramani atakayezifuata namba hizi atampa mwashi nyumba isiyohitaji kuvunja tofali ila kwa nadra. Na yule atakayeandika mlango wa sentimita 90 na ukuta wa mita moja na robo, kwa sababu tu ndizo namba zilizomjia, amekwisha kuyavunja matofali mamia kwa kalamu yake.

Ni lazima kukumbuka kuwa udongo hunywea unapokauka, na hunywea tena unapochomwa, kwa kadiri ya aina yake. Hivyo kalibu haitengenezwi kwa kipimo cha tofali linalotakiwa, bali kwa kipimo kilichozidi. Afyatue mtu matofali machache ya majaribio, ayachome katika tanuri la jirani, ayapime, kisha ndipo seremala aagizwe kalibu. Gharama ya jaribio hilo ni siku chache za kungoja. Na kama seremala wa kijiji angetengeneza kalibu za kipimo kimoja kwa wafyatuaji wote, basi tofali lililobaki kwa Maposeni lingefaa katika ukuta wa Litisha, na masalio ya mmoja yangekuwa mtaji wa mwingine.

Katika nchi ya India alikuwako msanifu majengo aliyeitwa Laurie Baker, mzaliwa wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1917, aliyeishi na kujenga huko Kerala mpaka alipofariki mwaka 2007. Huyu aliwajengea watu wa kipato kidogo kwa tofali la kuchomwa, na moja ya njia alizozipenda ilikuwa kuyasimamisha matofali kwa ubavu, mengine yakienda na ukuta na mengine yakiukata, hata ukabaki uwazi katikati. Ukuta huo hutumia matofali pungufu kwa kiasi cha robo kuliko ukuta wa unene huo huo uliojazwa, na hewa iliyofungwa ndani yake hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku, jambo ambalo wakaao Songea mwezi wa Julai watalithamini. Hata hivyo ukuta wa namna hiyo haumvumilii mwashi mzembe wala tofali lililopinda. Hudai tofali lililo sawa na mkono uliofunzwa, na hivyo huturudisha palepale, kwenye kalibu.

Wako pia wasiotaka kuni kabisa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na kitengo cha utafiti kilichoundwa mwaka 1971, umekuwa ukiyaeneza matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono badala ya kuchomwa. Tofali hilo, lenye urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kimo cha 10, lina meno yanayoingia katika tofali la jirani yake, kwa hiyo udongo wa kujengea hupungua sana. Masharti yake ni mawili: udongo upimwe kwanza, maana si kila udongo unafaa, na matofali yawekwe kivulini na kumwagiliwa maji siku kadhaa, asije mtu akayajenga yangali machanga. Ni njia njema, na kipimo chake kisichobadilika ni neema kwa mchora ramani.

Paa, dari na nondo

Aliyeshinda katika kuta hushindwa upesi katika paa. Ramani nyingi zinazopendwa siku hizi, ambazo watu huziona katika simu na kuzipeleka kwa fundi, huwa na mapaa yenye migongo mingi na mabonde mengi, na kila bonde hulazimisha bati likatwe mshazari na kuacha pembe tatu isiyofaa kwa kitu. Paa la migongo miwili tu, lililo refu na lililonyooka, hupokea mabati mazima kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzuri wake ni wa utulivu, na Peramiho ina mapaa mengi ya kale yanayoushuhudia.

Lakini hata paa la migongo miwili laweza kuchorwa kwa israfu. Bati la kawaida lina urefu wa mita 3, na mabati mawili yakiunganishwa kwa kupandana sentimita 15 hufunika mita 5 na sentimita 85. Ikiwa mteremko wa paa umechorwa kuwa mita 4 na sentimita 60, kila mstari utakula mabati mawili na kuacha kipande cha mita 1 na robo. Lau mchoraji angeupunguza mteremko huo hadi mita 4 na sentimita 35, bati moja na nusu lingetosha kwa kila mstari, na bati moja likikatwa katikati lingehudumia mistari miwili. Nyumba yenye mistari 16 kila upande huokoa mabati 16 kwa sentimita 25 zilizofikiriwa mapema. Tahadhari ni moja: sentimita hizo zipunguzwe katika upana wa vyumba, si katika upenu, kwa kuwa ukuta uliojengwa kwa udongo huishi kwa hisani ya upenu wake.

Hesabu kama hiyo ipo katika kila kifaa. Nondo huuzwa kwa mita 12: ukihitaji vipande vya mita 3 hupata vinne na hakibaki kitu, ukihitaji vya mita 3 na sentimita 20 hupata vitatu, na mita 2 na sentimita 40 hukaa uani zikishika kutu. Ubao wa futi 12 hukatika sawa kwa futi 4 na kwa futi 6, lakini kwa futi 5 huacha futi 2. Mbao za dari za mita 2.4 kwa mita 1.2 hukitosha chumba cha mita 3.6 kwa mita 3.6 kwa idadi ya nne na nusu, hivyo vyumba viwili vya namna hiyo humaliza mbao tisa kamili. Ilhali chumba cha mita 3.8 kwa 3.8 hudai vijipande vyembamba vya kuziba kila upande, na fundi hukata ubao mzima ili apate ukanda wa sentimita 20. Hapana anayelala vizuri zaidi kwa sababu ya sentimita zile 20.

Boma lisilopauliwa

Iko israfu nyingine iliyo kubwa kuliko hizi, nayo haionekani kuwa israfu kwa sababu imesimama wima. Msafiri apitaye kati ya Songea na Mbinga huyaona maboma ya nyumba yasiyo na paa, kuta zake zimeota majani, na mengine yamekwisha kuinama. Kila boma ni akiba ya mtu iliyoachwa kwenye mvua. Mwenye nyumba alichora vyumba vitano akiwa na uwezo wa vyumba viwili, akategemea mavuno ya miaka ijayo, na mvua za Novemba zikafika kabla ya mabati.

Mchora ramani mwenye huruma humwuliza mteja wake ana uwezo gani msimu huu, si tu anataka nini siku moja. Nyumba na ichorwe ikue: vyumba viwili na ukumbi vinavyoweza kuinuliwa na kupauliwa kati ya Mei na Oktoba, na upande mmoja wa ukuta ukipangwa tangu mwanzo kupokea nyongeza, mlango wa baadaye ukiwa umekwisha kupewa lenta yake na kuzibwa kwa matofali yasiyofungamanishwa, ili siku ya kupanua asivunje mtu kitu. Kadhalika saruji inunuliwe kwa kadiri ya kazi ya juma, maana mfuko wa kilo 50 uliosafirishwa kwa barabara ndefu hadi Ungoni, ukikaa miezi katika banda lenye unyevu, hupoteza nguvu zake, na ukiguswa na sakafu hugeuka jiwe ndani ya karatasi yake.

Tena si kila ukuta unadai saruji. Wazee waliojenga nyumba za chini kwa tofali la kuchoma na udongo walituachia fadhila ambayo hatuitambui: nyumba hiyo ikibomolewa, matofali hutoka mazima, hupanguswa, na hujenga nyingine. Yaliyoshikwa kwa saruji kali hayaachani ila kwa kuvunjika. Pale ambapo mhandisi ataona udongo au chokaa vinatosha, pamoja na msingi mwema na upenu mpana, mjenzi asione haya kuvitumia, kwani anamwachia mjukuu wake matofali, wala si kifusi.

Kiwanjani

Ramani ikisha kuwa njema, kazi ya mwashi huwa nyepesi na yenye heshima. Kabla ya kuchanganya chochote, na aipange kozi ya kwanza kavu juu ya msingi, tofali kwa tofali, akiacha nafasi ya kiungo kwa unene wa kidole, mpaka amezunguka nyumba nzima na kuiona milango yote. Kosa lililopo litaonekana hapo, na litasahihishwa kwa kusogeza mkono. Udongo wa saruji achanganye wa kutosha saa moja na nusu, au mbili zikizidi sana. Kwa maana ile desturi ya kuchanganya rundo kubwa asubuhi na kuliongezea maji kila linapokauka mpaka adhuhuri huifanya saruji ife kabla haijafika ukutani. Nusu za matofali ziwekwe pamoja mahali pamoja, na zitumike kwanza kila zinapohitajika. Na vipande visivyofaa kabisa vishindiliwe chini ya jamvi.

Hata shimo la udongo lina haki ya kufikiriwa. Mashimo mengi yaliyochimbwa kwa ajili ya matofali huachwa wazi, yakawa hatari kwa watoto na makao ya mbu. Shimo lingechimbwa mahali panapotakiwa choo, au panapoweza kuwa bwawa la samaki, kazi ipendwayo sana mkoani Ruvuma, basi jasho lile lile lingezaa mambo mawili. Wamatengo wa Mbinga wamelijua hilo kwa vizazi: katika kilimo chao cha ngolo, nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mraba na kufukiwa kwa udongo, shimo la katikati huzuia maji, na kilichoonekana kuwa takataka huwa mbolea ya mahindi.

Maneno haya si ya kumhimiza mtu ajenge nyumba ndogo au duni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 katika Tanzania, na watu wetu wakiongezeka tutahitaji mamilioni mengine. Kila Mtanzania ana haki ya nyumba yenye nafasi, nuru na usalama. Lakini kama kila nyumba katika hizo itatupa sehemu ya matofali yake, miti itakayoteketea kwa ajili ya matofali yasiyoingia ukutani itakuwa misitu mizima, na fedha itakayozikwa katika vifusi itakuwa karo ya watoto na dawa za wagonjwa. Anayejenga kwa kipimo huipata nyumba ile ile, na huibakisha mali.

Kwa hiyo, yeyote anayekusudia kujenga Peramiho katika msimu ujao, kabla hajalipa hata senti kwa kuni au kwa kufyatua, na amwendee mchora ramani wake na maswali manne: tofali letu lina kipimo gani baada ya kuungua, bati, ubao na nondo vitakatwa vipi na kitabaki nini, sehemu gani ya nyumba itapauliwa kabla ya mvua, na orodha ya vifaa iko wapi, imeandikwa na nani. Mchoraji asiyeweza kuyajibu hajamaliza kazi yake, na mteja anayo haki ya kumrudishia ramani. Vyuo vya ufundi na viwafundishe vijana maswali hayo pamoja na timazi na pima maji. Wazee wa vijiji na wakubaliane juu ya kalibu moja. Na majirani na wachome tanuri moja. Hakuna katika haya lililo nje ya uwezo wetu, wala linalongoja mfadhili. Linalotakiwa ni kufikiri kwa utulivu katika miezi ya mvua, ili katika miezi ya kiangazi kila tofali lililochomwa lipate mahali pake ukutani.